Saady wa Nyuma ya Maabara

Cheti chetu kimetundikwa juu ya meza ya Mzee Badru, ndani ya fremu ya kioo, na hakuna anayeingia maabara bila kuoneshwa. Kinasema kituo chetu cha afya, hapa nje kidogo ya mji wa Kasulu, kimekuwa cha kwanza kwa kuibua wagonjwa wa kifua kikuu katika robo ya tatu ya mwaka. Vituo vingine, vyenye madaktari wawili na watu wengi kuliko sisi, viliibua wagonjwa saba, wanane. Sisi tuliibua thelathini na mmoja. Mgeni aliyeleta cheti alisema tuna jicho la mwewe. Mzee Badru, mkuu wa maabara, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu na kupangusa miwani ili jicho lenyewe lionekane vizuri.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mahali pa wanaojitolea. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya maabara, koti jeupe, na barua iliyosema nimepokelewa kujitolea mpaka ajira zitakapotangazwa, yaani mpaka siku asiyoijua mtu. Baba yangu, Lukmani, anauza vitenge Kibondo mjini, na kila mteja wake ameshasikia kwamba Firdausi binti yake ni bingwa wa vijidudu. Siku ile ya cheti nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Nilitokwa na machozi kidogo. Niliamini kwamba nimefika mahali ambapo sayansi inaheshimiwa.

Na kweli ilikuwa inaheshimiwa. Tulikuwa na mashine ya kupima vinasaba, ya kijivu, yenye milango minne midogo mbele. Mzee Badru aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya manjano, kazi ya mikono ya mkewe. Juu ya kitambaa aliweka chombo cha maua ya plastiki. Kitambaa kilifuliwa kila Ijumaa. Mashine ile haikuwahi kuingia vumbi hata punje. Haikuwahi pia kufanya kazi, maana katriji zake, yaani vikasha vya kuwekea sampuli, zilihifadhiwa kwenye friji kwa ajili ya wageni wa ukaguzi, kama vile vikombe vya kabatini ambavyo watoto wa nyumbani hawaruhusiwi kuvigusa.

"Hiyo ni ya kesi kubwa," aliniambia siku yangu ya kwanza, mwezi wa nane. "Kazi ya kila siku ni hadubini. Miaka ishirini na saba naishika hadubini hii, binti. Tumezeeka pamoja."

Kazi ya kila siku ilikuwa hivi. Makohozi yanapakwa kwenye kioo chembamba, yanatiwa rangi nyekundu, yanaoshwa kwa maji, yanamwagiwa tindikali, yanaoshwa tena, kisha yanapakwa bluu. Kijidudu cha kifua kikuu kina ngozi ya nta. Kikishashika nyekundu, hata tindikali haiitoi. Ukitazama kwenye hadubini na kuona vijiti vyekundu katikati ya bluu, basi umeibua mgonjwa, na Ndugu Ridhiwani, mratibu wetu wa kifua kikuu, anapanda pikipiki kwenda kumfuata.

Jambo moja dogo, ambalo chuoni tulilisoma muhula mzima na hapa kituoni lilichukuliwa kuwa ni maringo ya wasomi, ni kwamba vijidudu vyenye ngozi ya nta ni ukoo mkubwa. Wapo wanaoua watu. Yupo anayeleta ukoma. Lakini wengi wao wanaishi zao kwenye udongo na kwenye maji, hawajawahi kumdhuru mtu wala hawana mpango huo. Kwa hadubini wote ni vijiti vyekundu. Ukitaka kujua nani ni nani, sharti ufungue vinasaba vyao usome alama ambazo mmoja anazo na mwenzake hana.

"Sawa," alisema Mzee Badru nilipomweleza. "Lakini kijiti chekundu ni kijiti chekundu."

*

Mama Fidele alikuja katikati ya Oktoba, kuleta makohozi ya mwezi wa tano wa matibabu. Jina lake la kwenye rejista ni Winifrida Ndayikeza. Anakaanga maandazi karibu na stendi, au niseme alikuwa anakaanga, kwa sababu tangu Mei, alipoibuliwa, watu waligundua ghafla kwamba maandazi hayana afya.

Mei alikuwa na vijiti vyekundu. Julai, baada ya miezi miwili ya dawa, alikuwa na vijiti vyekundu. Mzee Badru alipoinua uso kutoka kwenye hadubini siku ile ya Oktoba, alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Moja jumlisha," alisema. "Vijiti bado vipo."

Ndugu Ridhiwani hakuvua hata helmeti. "Unazitupa, mama."

"Ninazitupa wapi, baba, na wewe unanifungua mdomo kila asubuhi?" alisema Mama Fidele. "Juzi umenitazama mpaka chini ya ulimi. Ulikuwa unatafuta nini, tembo?"

"Basi kama huzitupi, ni kile kisichosikia dawa: una sugu."

Neno lile lilitua chumbani na hakuna aliyetaka kuliokota. Ridhiwani alieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza safari ya basi. Gari la rufaa litapita Alhamisi ya wiki ya mwisho ya Novemba. Litamchukua hadi hospitali ya wenye sugu, mbali huko kaskazini, siku mbili njiani. Atakaa miezi. Wakati huo sampuli yake itatumwa maabara kubwa, kwa sababu fomu ya rufaa ina kisanduku cha namba ya sampuli na fomu haiendi na kisanduku kitupu.

"Alhamisi ile," alisema Mama Fidele polepole, "ni siku mbili kabla ya harusi ya Melkiadi."

Melkiadi ni mdogo wake. Wazazi wao walifariki akiwa na miaka sita, na Mama Fidele ndiye aliyemlea kwa maandazi hayohayo. Harusi ingekuwa kijijini kwao Muyama, Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, kwa kuwa padri hafungishi ndoa majuma yale manne ya kusubiri Krismasi. Katika familia yao pombe ya ndizi huletwa kwa chungu kimoja, na kabla mtu hajaonja, mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi hukaa pamoja na kuvuta kwa mirija miwili kutoka chungu hicho. Hapo ndipo ndoa inahesabiwa kuwa imekubalika. Mambo ya kanisani ni ya Mungu, mirija ni ya watu.

"Nani atakaa pale?" nilimuuliza tulipobaki wawili, nikimpa kikopo kipya.

"Shangazi. Ana hamu nayo tangu mwezi wa nane." Alicheka bila furaha. "Siku ya mahari walinitengea kibuyu changu mlangoni. Mrija wangu shangazi aliufunga uzi mwekundu, usije ukachanganyika. Mlio wa kukohoa wenyewe ni wa moshi wa kuni, dada, nimekaa kwenye moshi miaka kumi na minne. Nilimwambia. Akasema, wenye ugonjwa huo wote husema moshi."

Nilimwahidi kwamba nitaangalia. Ni ahadi ambayo wanaojitolea huitoa kirahisi, kwa vile hawana mamlaka ya kuivunja.

*

Nilichofanya kwanza ni dhambi. Mzee Badru alipokwenda kuswali adhuhuri, niliondoa chombo cha maua, nikakunja kitambaa cha kufuma kwa adabu zote, nikatoa katriji moja kwenye friji, nikaweka makohozi mapya ya Mama Fidele. Mashine iliamka ikinguruma kama mtu aliyesingiziwa usingizi. Mzee alirudi ikiwa bado inafanya kazi. Alisimama, akatazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Kesi kubwa?" aliuliza.

"Kesi kubwa, mzee."

Tulisubiri mpaka jibu likatoka. Hakuna kifua kikuu.

"Unaona?" alisema Mzee Badru kwa upole. "Ndiyo maana siitumii ovyo. Inachoka."

"Mzee, imetafuta jeni ambayo kila kijidudu cha kifua kikuu anayo. Haikuiona."

"Na mimi nimeona vijiti. Macho yangu haya." Alitandika kitambaa upya, akarudisha maua. "Binti, mashine hii imekuwa hapa miaka miwili. Mimi ishirini na saba. Tumwamini mgeni?"

Nilikwenda kuosha slaidi za watu wengine ili nisijibu vibaya. Na hapo koki ikakohoa.

Lazima niieleze koki hii. Nyuma ya maabara kuna tangi la plastiki, jeusi, linalokusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kitabu kinasema slaidi zioshwe na maji safi, yale ambayo mafundi huyaita maji ya betri. Yalipokwisha kituoni, mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, Mzee Badru alipata ufumbuzi, akaupenda kiasi kwamba alinifundisha kama somo. "Maji ya betri yanatengenezwaje? Yanachemka, mvuke unapanda, unapoa, unatona. Na mvua? Inapanda, inapoa, inatona. Tofauti ni kwamba hii anatengeneza Mwenyezi Mungu mwenyewe, wala hatuhitaji kuagiza." Ni hoja ambayo mtu hawezi kuipinga bila kuonekana kafiri. Haikutaja bati lenye kutu, kinyesi cha njiwa, wala tangi ambalo halijafunguliwa tangu lilipoletwa.

Oktoba ilikuwa inayoyoma na mvua hazijashika. Tangi lilikuwa limeshuka mpaka chini. Koki ilikohoa mara mbili, ikatema juu ya slaidi yangu kipande cha utelezi, cha rangi ya chai ya maziwa, chembamba kama ngozi ya uji.

Nilikitazama kile kipande. Kisha nikatazama ukutani, kwenye chati ya Ridhiwani ya wagonjwa walioibuliwa kila mwezi. Februari watatu. Machi wawili. Julai saba. Agosti kumi. Septemba kumi na wanne. Ridhiwani ana maelezo yake: nyanda hizi za juu ni baridi kiangazi, watu wanabanana ndani na kuambukizana. Ni maelezo mazuri, yapo hata kwenye ripoti. Lakini ukiigeuza karatasi ile kichwa chini, ilikuwa chati ya maji kwenye tangi.

*

Kesho yake nilichukua kikopo kipya cha makohozi, nikakijaza maji ya tangi pamoja na utelezi wake, nikakipanga kwenye foleni ya asubuhi. Nilifikiri namba ingetosha. Mzee Badru hapokei namba isiyo na jina.

"Huyu nani?"

Sikuwa nimejiandaa. "Saady."

"Saady nani?"

"Saady tu, mzee."

"Anakaa wapi?"

"Hapo nyuma."

"Nyuma ya maabara?"

"Nyuma ya maabara."

Aliandika. "Umri?"

Tangi lilikuwa na mwaka wake umechongwa ubavuni. Nikatoa haraka kichwani. "Tisa."

"Masikini, mtoto." Aliinua kikopo, akakielekeza dirishani. "Mbona kama maji?"

"Ni kama maji kabisa, mzee."

Aliipaka slaidi, akaitia rangi, akaiosha, akakaa kwenye hadubini yake. Nilihesabu pumzi zangu. Alitazama muda mrefu, kisha akaandika kwa kalamu nyekundu. Mbili jumlisha. Saady alikuwa mgonjwa kuliko Mama Fidele.

Nilipanga kusema palepale. Naapa nilipanga. Lakini Ridhiwani alikuwa mlangoni, akaiona rejista, uso ukamng'aa kama aliyefunguliwa redio. "Mtoto," alisema. "Takwimu zetu hazijapata mtoto mwaka mzima." Kabla sijafungua mdomo, pikipiki ilikuwa imeshatoka getini.

Alimtafuta Saady siku mbili. Na cha kushangaza ni kwamba hakumkosa sana. Mama mmoja wa nyumba za nyuma alisema anamjua, ni mwembamba, anapenda mpira. Fundi baiskeli alisema familia yake ilihama. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hawezi kukiri kwamba kuna mtu asiyemjua, alithibitisha kwamba wazazi wake wamempeleka kwa ndugu, kambi ya wakimbizi ya Nduta, na akagonga muhuri. Ridhiwani alirudi na barua ile, amechoka, amejaa vumbi, macho yake yana huzuni. Ilinichoma moyo. Huyu mtu ambaye hakuwahi kumuuliza Mama Fidele analala vipi alikuwa amesumbuka jua kutwa kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo.

"Ndugu Ridhiwani," nilisema. "Mzee. Njooni niwaoneshe Saady."

Niliwapeleka nyuma. Tangi lilisimama pale, jeusi, la miaka tisa, limetulia. Nilifungua koki ikakohoa. Nikaeleza kila kitu kama mtoto anayesoma risala.

Ridhiwani ndiye aliyepona kwanza. "Kwa hiyo wagonjwa wameambukiza tangi."

"Hapana, ndugu yangu. Hakuna aliyekohoa ndani ya tangi. Vijidudu hivi ni wenyeji wa maji. Tunawaosha juu ya slaidi, tunawapaka rangi, halafu tunawapa watu majina yao."

"Una uhakika gani kwamba kifua kikuu hakimo humo? Mashine inasema 'hakuna'. Hakuna ni hakuna, si jibu. Kama si yeye, ni nani? Mimi gari la rufaa siwezi kulirudisha kwa 'hakuna'."

Inaniuma kukiri kwamba hapo alikuwa na haki. Mashine yetu inamjua kijidudu mmoja tu. Asipokuwa yeye, inanyamaza.

Mzee Badru aliingiza kidole kwenye koki, akakitoa na utelezi, akautazama kwa karibu kama anavyotazama kila kitu.

"Wale thelathini na mmoja," alisema. "Wapo wenye ugonjwa kweli?"

"Wapo, mzee."

"Ni wepi?"

"Hatujui."

Alirudi ndani. Tulipomfuata alikuwa ameshatoa chombo cha maua na kitambaa, ameviweka juu ya kabati, na anapanga katriji zote mezani, zile za wageni. Hakutazama nyuma. "Waiteni," alisema. "Wote. Vikopo vipya. Na kwenye slaidi, binti, kanunue maji ya betri pale petroli stesheni." Kisha akachukua fomu ya maabara kubwa akaijaza kwa mkono wake. Makohozi mapya ya Mama Fidele. Slaidi yake ya zamani ya Julai. Na maji ya tangi. Kwenye jina la sampuli ya tatu alisita, halafu akaandika: Saady.

"Mzee, tunaweza kuandika tangi sasa," nilisema.

"Rejista haifutwi," alisema. Ndivyo alivyo.

*

Nilimweleza Mama Fidele nikiwa nimekaa naye kwenye benchi. Nikasema kwamba kwenye hadubini vijidudu hawa wote wana sura moja, lakini ndani kila mmoja ana maandishi yake. Kuna maandishi ambayo wa kifua kikuu peke yao wanayo. Kuna jeni nyingine ambayo ukoo mzima unayo, ila kila mmoja anaiandika kwa herufi tofauti kidogo. Maabara kubwa ingesoma zote mbili: ya kwanza kujua kama ni yeye, ya pili kujua ni nani kama si yeye.

"Kumbe na wao wana vitambulisho," alisema.

"Ndiyo."

"Babu yangu alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Uraia tulishapewa, cheti ninacho kwenye sanduku. Lakini nikipita Manyovu, pale mpakani, kununua unga, bado wananitazama pua na kunieleza mimi ni nani." Alifunga mtandio wake vizuri. "Basi na asomwe, dada. Mimi nimeshazoea."

Kisha akaniambia kwamba miguu yake inakufa ganzi tangu Agosti, kwa sababu ya dawa, na kwamba hakumwambia Ridhiwani asije akasema anatafuta sababu ya kuziacha. Miezi mitano. Niliangalia pembeni, nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono. Alasiri hiyo nilimshika Ridhiwani mpaka akampeleka kwa daktari kwa ajili ya ganzi ile.

Wiki tano zilipita. Mashine ilifanya kazi bila mapumziko na, kinyume na wasiwasi wa Mzee Badru, haikuchoka. Katika wale thelathini na mmoja, tisa walikuwa na kifua kikuu kweli. Ni idadi ya kawaida, kama ya vituo vingine visivyo na jicho la mwewe. Nilipiga simu maabara kubwa kila siku, saa tatu asubuhi, mpaka dada wa mapokezi akawa ananisalimia, "Saady hajambo?"

Jibu lilikuja Jumatano, siku moja kabla ya gari. Mzee Badru alilisoma kwa sauti, akisimama kila baada ya mstari. Makohozi mapya ya Winifrida Ndayikeza: alama za kifua kikuu hazipo, wala hakuna kijidudu chochote cha ukoo huo. Slaidi ya Julai: alama za kifua kikuu hazipo, jeni ya ukoo ipo, na herufi zake ni za aina inayoishi majini, isiyojulikana kuwadhuru watu wenye afya. Sampuli ya Saady: aina hiyohiyo, herufi kwa herufi. Chini kulikuwa na maelekezo: "Mtoto hahitaji dawa. Chunguzeni chanzo cha maji nyumbani kwake."

Ridhiwani aliketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona bila helmeti. Ana upara. "Hii barua," alisema, "haiwezi kuwa na tarehe ya Januari? Robo ya nne..."

Mzee Badru alimtazama tu. Ridhiwani akatoa simu, akaenda nje kulirudisha gari.

*

Tatizo la karatasi ya maabara ni kwamba haina uzito wowote kwenye harusi ya Muyama. Jumamosi nilifika nayo, imegongwa mihuri miwili, nikamkabidhi shangazi. Alikuwa amekaa tayari kwenye mkeka wa mama wa bwana harusi, amevaa kitenge kipya. Chungu kilikuwa mbele yake. Mama Fidele alikuwa mlangoni, kwenye kigoda, na kibuyu chake, na mrija wenye uzi mwekundu.

Shangazi aliishika karatasi kwa vidole viwili. "Mlisema anaugua kwa karatasi," alisema. "Leo mnasema amepona kwa karatasi."

"Hajapona, mama. Hakuwahi kuugua."

"Miezi yote hiyo ya dawa na hakuwahi kuugua?" Aliwageukia wenzake. "Huyu ndiye mtaalamu?"

"Anajitolea," alisema mtu nyuma yake, na hilo likamaliza mjadala.

Mama Fidele aliangalia chungu, kisha akamwangalia Melkiadi, aliyekuwa amesimama na suti yake iliyombana mabegani na hajui amtetee nani. Nilihisi elimu yangu yote ikinining'inia mkononi kama mwavuli wakati wa kiangazi.

Pikipiki ilisimama nje. Ridhiwani alikuwa mbele, na nyuma yake, amevaa kanzu na kofia ya Ijumaa, ameshikilia miwani yake, alikuwa Mzee Badru. Aliingia, akawaamkia wazee wote kwa Kiha chake kizito kama mtu anayebeba magunia, wakampisha.

"Mimi ndiye niliyesema anaumwa," alisema. "Si karatasi. Mimi, kwa macho yangu. Nilikosea. Nilikuwa naosha vioo kwa maji machafu, nikayaita ya Mungu."

Hakuna aliyezoea kumsikia mtu wa serikali akisema hivyo, na nadhani wengine walisubiri amalizie na kumlaumu mgonjwa.

"Kuna maji ya ndizi ambayo hayajachacha?" aliuliza. "Mimi pombe situmii."

Yalikuwepo, ya watoto, kwenye ndoo. Bibi mmoja alimchotea kwenye kibuyu. Mzee Badru alitembea hadi mlangoni, akachuchumaa kwa shida mbele ya Mama Fidele, akauchukua mrija wake, ule wenye uzi, ambao mama huyo alishautumia siku ya mahari. Hakuufuta. Aliutia kwenye kibuyu, akavuta kwa muda mrefu, mashavu yakiingia ndani, wote wakimtazama koo lake likipanda na kushuka.

Alipomaliza alimrudishia mrija.

"Mzee," alisema Mama Fidele, na sauti yake ilikuwa ya stendi, ile ya kuuzia maandazi, "umekunywa na mrija wangu. Sasa na wewe nikutengee kigoda hapa mlangoni?"

Aliyecheka kwanza ni Melkiadi. Kisha mama wa bibi harusi, mwanamke mnene ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alipiga mkeka kwa kiganja na kusema kwamba pombe inapoa, kana kwamba pombe ya ndizi hunywewa moto. Shangazi alisogea. Hakusimama, alisogea tu, upana wa mtu mmoja.

Mama Fidele alikaa. Alijaribu kuufungua ule uzi, lakini shangazi alikuwa ameufunga kwa nia, na fundo liligoma. Akauacha. Akautumbukiza mrija kwenye chungu na uzi wake, akavuta, kisha akamnyooshea shangazi mrija uleule.

Shangazi aliutazama. Akamtazama Mzee Badru, aliyekuwa bado amechuchumaa mlangoni, akisubiri mtu wa kumsaidia kuinuka. Akaupokea.

Mimi na Ridhiwani ndio tuliomwinua mzee. "Firdausi," Ridhiwani aliniambia chinichini, tukiwa tumemshika kila mtu kwapa lake, "kuna jamaa pale ananiambia ni baba mkubwa wa Saady. Anasema mtoto anaendelea vizuri."